Shingo ya Aba

Burat, Isiolo

Kwa kaka yangu Sharamo,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na joto la Doha liwe limepungua kama ulivyosema. Sisi huku tuko. Mvua ilinyesha mara moja ikatudanganya. Ayo, mama yetu, anasumbuliwa na goti lakini anatembea. Mimi nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, niko nyumbani namtunza Aba.

Utashangaa kupata barua na simu zipo. Unanijua, kaka. Kwenye simu mimi huitikia tu mpaka salio linakwisha. Umeniuliza mara nyingi mbona Abera Ganya, ndugu ya baba yetu, hapokei simu zako, na mbona amehamisha ngamia wetu hadi Kulamawe bila kukuambia. Kila mara nimekujibu kwamba sijui. Ninajua. Ndiyo maana nimempa Deeqa barua hii anaporudi kazini huko, nikamwomba akukabidhi mkononi.

Siku ile Aba alipoumia sokoni, alikuwa akimuuzia Kaberia, yule mfanyabiashara wa Maua, dume letu jekundu. Kaberia aliuliza kama ngamia huyo hupiga mateke. Aba akamjibu kwamba huwapiga wanaobishana bei tu, na watu wakacheka. Walipokuwa wakimpakia kwenye lori kamba iliteleza, dume akamrushia Aba teke chini ya kidevu. Nilikuwa nimemletea chai. Nilimwona akiinuka mwenyewe, akijipangusa vumbi, akifungua mdomo kusema kitu. Ikatoka damu.

Tulipofika hospitali taya lilikuwa limevunjika na shingo imefura. Daktari wa zamu alikuwa kijana Mmeru anayeitwa Kiugu. Alijaribu kupitisha mpira wa kupumulia mdomoni, ukagoma, kwa sababu damu na uvimbe vilikuwa vimeziba njia. Akajaribu tena, ukagoma tena. Muuguzi alikuwa akiminya mfuko wa hewa juu ya uso wa Aba, lakini kifua hakikuinuka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya mlango. Hakuna aliyenifukuza, maana watu huwa hawanioni. Niliona kucha za Aba zikigeuka rangi ya majivu.

Kiugu akatoka, akatueleza haraka kwamba hewa haipiti tena kwa juu, kwa hiyo ni lazima apasue shingo kwa mbele, chini kidogo ya koromeo, aingize mpira hapo. Alisema ni tundu dogo, na kwamba njia nyingine hakuna. Abera Ganya akajisimamisha mlangoni na vijana aliotoka nao sokoni, fimbo mikononi. Alisema shingo inayokatwa ni ya mnyama, na hata mnyama wetu hatumpi Mmeru achinje, sembuse ndugu yake wa tumbo moja. Kijana mmoja akamuuliza daktari kama biashara ya miraa ya kwao Meru imemshinda. Muuguzi alimwambia Kiugu asingoje ruhusa ya mtu, mgonjwa anakufa. Kiugu alijua hivyo. Lakini nilimwona akiziangalia zile fimbo, na badala ya kurudi ndani akaanza kutuomba. Alituomba, kaka, na Aba ndani hapumui.

Mwishowe Abera akasema kwamba shauri la baba ni la angafa, mzaliwa wa kwanza. Sharamo aseme, nasi tutatii. Akaniamuru nikupigie. Nikakimbilia dirishani kwenye mtandao.

Labda umesahau ulichosema. Mimi sijasahau. "Wasimguse mpaka nizungumze na wazee. Waambie wangoje." Nilikuambia hapumui. Ukasema madaktari hupenda kutisha watu, kisha ukakata simu.

Nilirudi mlangoni. Wote walikuwa wakinitazama, na sijawahi kusema neno mbele ya wanaume wengi namna ile. Nikasema, "Sharamo amesema wakate."

Abera hakubisha. Alijifunika uso kwa shuka, akapisha. Kiugu alifanya kazi yake upesi kuliko ninavyoandika mstari huu. Hewa ilipita kwenye tundu kwa mlio, na Abera alipousikia akaanza kumsomea Aba shahada, kwa sababu mlio huo anaujua kwa mnyama aliyekwisha kuchinjwa. Lakini kifua cha Aba kilikuwa kimeinuka. Ulipopiga baadaye nilikuambia tu kwamba Aba anapumua, nawe ukadhani mpira ulipita mdomoni. Nikakuacha udhani.

Sasa tundu limefungwa, limebaki kovu linaloweza kufunikwa na kidole. Aliyeharibika ni Aba mwenyewe. Anakula uji, anaketi kivulini, lakini asubuhi nyingine hamtambui Ayo, na majina ya ngamia aliowazalisha kwa mikono yake yamempotea. Nilimtafuta Kiugu nikamuuliza. Aliniambia bila kuficha kwamba ubongo ulikosa hewa kwa muda mrefu mno, wakati sisi tunabishana mlangoni. Ameomba uhamisho. Abera anawaambia watu kwamba ni kisu cha Mmeru, na kwamba mtoto aliyetoa shingo ya babake hatakunywa maziwa ya ngamia wake. Mtoto huyo ni wewe, kaka. Umebeba neno langu miezi yote hii bila kujua.

Barua hii ni yako. Ukitaka isomwe mbele ya Abera na wazee, niambie, nitaisoma mwenyewe wala sitakana hata herufi. Lakini usingoje nikuombe msamaha kwa uongo ule, maana siujutii. Ninachojutia ni kwamba nilikupigia kwanza.

Ayo anakusalimu sana, anasema usiache swala na usilale na njaa. Dada yetu Wato na watoto wake wanakusalimu. Majirani wote wanakuulizia, isipokuwa wale wanaomfuata Abera. Aba nilimwambia kwamba ninakuandikia, nikamuuliza nikupe salamu gani. Alinitazama kwa upole, akaniuliza huyo Sharamo ni mtoto wa nani.

Nikamwambia ni wako.

Mdogo wako,
Kabale