Nilivuta Boriti Chini ya Ubao wa Mkwe Wangu

Mshauri wetu mpendwa,

Nianze kwa kukutoa wasiwasi kabla sijakutia wasiwasi: mke wangu ni mzima, anatembea, anakula, na jana alinigombeza dakika ishirini bila kupumzika, kwa hiyo najua hana tatizo lolote. Nakuandikia nikiomba msaada kama mtu aliyeponea chupuchupu, na mtu wa namna hiyo huwa anataka kusema kila kitu, basi nivumilie.

Mimi ni seremala. Nimepiga randa miaka thelathini na moja, nusu ya milango ya mtaa huu imetoka mikononi mwangu, na mke wangu ana duka la gesi ya kupikia mbele ya nyumba yetu, watu wote wanamwita Mama Mitungi. Tuna binti mmoja, ameolewa, na mumewe naye ni mtu wa kazi za mbao, ila si mbao kama zangu. Yeye anajenga vibaraza na ngazi kwa zile mbao za kisasa za kiwandani, za unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, haziliwi na mchwa, hazitaki rangi, na ukizigonga zinalia kama ndoo. Mimi nilikuwa naziita mbao za kuchezea. Nikimwambia, "Mwanangu, mti unaota ardhini, hautoki kwenye mashine," naye ananijibu, "Baba, hata randa yako ilitoka kwenye mashine," tunacheka, tunaendelea na chai. Tulikuwa tunapatana, mshauri, sikufichi.

Sasa mwaka huu kibaraza cha mbao cha mbele ya duka kikawa kimekwisha, maana hapo ndipo mitungi inaposhushwa, na wale jamaa wa gari la gesi hawaiweki chini, wanaiachia. Mke wangu akataka kibaraza kipya kitakachostahimili kupigwa, akamwita mkwe wetu aje kupima, na mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye kiti namenya chungwa, nikasikia kwa masikio yangu anamwambia, "Haya fundi, wewe unaonaje?"

Mshauri, fundi ni mimi. Tangu siku za uchumba mke wangu hajawahi kuniita kitu kingine, si mzee, si baba fulani, ni fundi tu, na siku ile neno lile likapita juu ya kiti changu likaenda kwa kijana aliyekuwa ameshika futi kamba. Chungwa likanishinda kula.

Nikasema basi tusibishane, tushindanishe, ubao wake na ubao wangu, mtungi uanguke juu ya kila mmoja tuone upi una roho ngumu. Wakakubali wote. Jumamosi yake akaleta ubao wake, mimi nikatoa ubao wa mti mgumu niliokuwa nimeuweka nyuma ya karakana miaka mingi. Kila ubao ulikuwa ukae juu ya boriti tatu, mbili mwishoni na moja katikati, na mkwe akanikumbusha kwa adabu zake, "Baba, huu wangu unataka boriti za karibu karibu. Ukiziachanisha sana, ukipigwa katikati unakatika." Nikamjibu nimesikia. Na kweli nilisikia, maana alipoingia ndani kunawa mikono, na mke wangu yuko stoo anatafuta mtungi mtupu, na wale jamaa wa gari wanapiga soga zao, nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, nikavuta ile boriti ya katikati chini ya ubao wake, nikaisukuma pembeni. Nilikuwa nimevaa ndala, mshauri. Hazina kamba.

Jamaa mmoja akanyanyua mtungi mpaka begani, akauachia juu ya ubao wangu, ukatoa mshindo, ukabaki na shimo la kutosha kidole gumba, basi. Akauachia juu ya ubao wa mkwe wangu, ukalia ta! na kuwa vipande viwili. "Biskuti!" akapiga kelele yule jamaa, na watu wakaangua kicheko, mke wangu alicheka, hata binti yangu alijiziba mdomo, na mimi nilicheka kuliko wote. Mkwe aliinama, akaokota ile boriti iliyokuwa pembeni, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaitazama, akairudisha kwenye rundo pamoja na nyingine. Akaniambia, "Sawa, baba. Umeshinda," akakusanya vipande vyake akaenda zake.

Nikajenga kibaraza kwa mbao zangu, nikakisugua msasa mpaka mke wangu akasema kinateleza. Lakini tangu siku hiyo ni miezi mitano sasa mkwe hajakanyaga kwetu. Anamleta mke wake mpaka kwenye kona, anageuza pikipiki. Lile jina la Biskuti limemfuata mpaka kwa wateja wake, kwa sababu jamaa wa gesi wanazunguka mji mzima na midomo yao haina breki, na mwezi uliopita binti yangu akaniambia mumewe amefunga sanduku la zana, anatafuta kazi ya ulinzi. Aliniambia huku anaangalia pembeni. Nami nikasema, "Kila mtu na riziki yake," nikarudi karakana, nikakaa bila kushika kitu chochote.

Nilidhani nitazoea. Halafu Jumanne iliyopita mtungi ukamponyoka jamaa begani, ukaanguka kibarazani, ubao wangu ukapasuka kwa urefu kufuata nyuzi zake, kuanzia kwenye kifundo, pale tawi lilipoota zamani, kifundo ambacho nilikiona siku napiga misumari nikasema hakina shida. Mke wangu aliyekuwa anarudi nyuma kuukwepa mtungi akakanyaga palepale, mguu ukazama mpaka gotini. Mshauri, sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka niko chini nang'oa mbao zangu mwenyewe kwa vidole, na yeye ananiambia, "Fundi, taratibu, mimi siyo msumari." Alikuwa amevaa gambuti kwa sababu asubuhi ile alikuwa anaosha duka, na kibanzi kirefu kama kalamu kilikuwa kimechoma mpira na kuishia humohumo. Ugokoni alipata mchubuko, basi. Nililia mbele za watu kwa furaha, sina haya kusema.

Baada ya siku mbili nikajifungia karakana mchana, nikatoa kipande kizima cha ubao wa plastiki alichokisahau mkwe siku alipokuja kupima, nikautafuta ubao wangu mwenzake, nikaweka boriti tatu tatu kwa haki, nikaangusha mtungi mtupu mara tano kila upande. Wangu uliingia mashimo, mara ya nne ukapasuka. Wake ulinesa, ukabaki na mikwaruzo myeupe tu. Kisha nikabadilisha ubao wangu uliopasuka kwa mwingine mzima, nikatoa boriti za katikati kote kuwili. Hapo wake ulikatika pigo la kwanza, na wangu ukavumilia mapigo matatu. Kwa hiyo siku ile sikushindanisha mbao, nilishindanisha boriti tatu na boriti mbili.

Hakuna anayejua ila mimi na wewe. Swali langu ni hili: baba mkwe anaombaje radhi kwa mkwe? Kwetu sijawahi kuona, mkwe ndiye anayeshuka, siyo mzee. Au ninyamaze tu, nibomoe kibaraza nijenge upya kwa mbao zake, na mke wangu aseme ni yeye aliyetaka, na mambo yajiishie yenyewe? Nisaidie, maana ule mguu umetoka salama lakini mimi bado nimezama.

Ni mimi, seremala wa ndala.

MSHAURI ANAJIBU

Seremala,

Pumua kwanza. Mpe mama pole ya mguu na umwambie nimezipenda gambuti zake. Nimefurahi kweli, maana barua nyingi za namna hii hunifikia wakati hakuna kilichobaki cha kuokoa, na yako imewahi.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Miaka thelathini na moja ya randa, na unasukuma boriti ukiwa na ndala kama mtoto anayeficha sahani aliyoivunja! Na yote hiyo kwa sababu ya wivu wa neno moja. Mkeo alimwomba mtu ushauri kuhusu kazi anayoijua, akamwita kwa kazi yake. Hakukunyang'anya kitu. Wewe ndiye uliyemnyang'anya kijana kazi, ukampa jina la kitafunio, kisha binti yako alipokuletea habari akikwepa macho yako ukamjibu habari za riziki. Hapo nilikasirika, nikaweka barua chini, nikaenda kunywa maji.

Niliporudi nikaisoma tena, na nikakuta kitu ulichokiandika bila kukiona. Unasema hakuna anayejua. Rudi kwenye barua yako, pale ubao ulipokatika. Mtu ambaye ubao wake umekatika na hajui sababu angeutazama ubao. Mkwe wako alitazama boriti. Aliiokota, akaifuta vumbi, akaijua. Ilikuwa mkononi mwake, mama mkwe wake yupo, mkewe yupo, jamaa wa gesi wenye midomo isiyo na breki wapo, na neno moja tu lingetosha kukugeuza wewe kuwa kichekesho cha mji. Akairudisha kwenye rundo, akakuita baba, akaondoka na aibu yako mfukoni. Miezi mitano anaitembeza.

Haji kwako siyo kwa sababu amekuchukia. Angekuchukia angesema. Haji kwa sababu hawezi kunywa chai yako akijifanya hajui, na hawezi kukwambia anajua. Ndiyo maana nasema pumua, ndugu yangu. Huendi kumpa habari, unaenda kumtua mzigo.

Kwa hiyo hilo la kubadilisha kibaraza kimya kimya na kumsingizia mkeo, lifute kabisa, na uone haya kwamba uliliandika. Anza na mkeo, leo, kabla hajarudi dukani. Atakugombeza zaidi ya dakika ishirini na utanyamaza. Kisha nenda kwa mkwe wako mwenyewe, kwa miguu yako, usimtume binti, usitangulize mtu. Ukifika usizunguke na maneno ya "kuna mambo yalitokea" au "shetani alipita". Sema, "Nilivuta boriti ya katikati kwa mkono wangu, na nilijua ninachofanya." Halafu funga mdomo umsikilize, hata akikaa kimya muda mrefu. Unaniuliza baba mkwe anashukaje. Anashuka kama mtu mwingine yeyote, na magoti yako nimeona yanafanya kazi, Jumanne uliyatumia vizuri sana.

Lakini msiishie ndani, kwa sababu aibu haikufanyika ndani. Mwombe arudi Jumamosi, waite jamaa walewale wa gari, mtungi uleule, mtupu, nasisitiza mtupu, na safari hii boriti apange yeye. Wewe simama mikono nyuma. Wakiona kwa macho yao, hilo jina litakufa lenyewe, na asipolisahau yule aliyelianzisha, mwambie hadharani ni nani aliyeoka hiyo biskuti.

Kuhusu kibaraza, mimi si mtu wa mbao, lakini nimemuuliza mjenzi mmoja jirani yangu na amecheka sana kwa gharama yako. Anasema majaribio yako ya karakana ni ya kweli kwa kadiri anavyojua yeye: hizo za kiwandani hazitoi vibanzi wala hazina vifundo vya kujificha, lakini bila boriti za karibu ni bure, na mti wako mgumu unasamehe pigo hata ukikosa kitu chini, ila ukipigwa palepale kila siku utapasuka, na kifundo ndicho mlango. Basi mahali mitungi inaposhukia wekeni mbao zake juu ya boriti alizopima yeye, na pale mama anapokaa na wateja wekeni zako, zilizochaguliwa na jicho lisilo na haraka. Juu ya hapo pa kushushia tandikeni mpira mzito. Mmeshindana wanaume wawili kuhusu ubao gani unavumilia mtungi, na hakuna aliyewaza kuukinga ubao! Na wale jamaa waambieni mtungi wa gesi huwekwa chini kwa mikono miwili, hautupwi. Hilo lilitakiwa kusemwa kabla ya ubao wowote.

Nimebakiza moja, na usiponisikiliza hapa, yote ya juu ni bure. Jumamosi, mtungi ukishaanguka na ubao wake ukishanesa na kurudi, usimpigie makofi wala usimwite mwanangu. Mwite fundi. Kwa sauti, jamaa wa gesi wasikie, binti yako asikie, mkeo asikie. Usiogope kubaki mikono mitupu, maana siku ile mguu wake ulipokuwa umenasa na wewe unang'oa mbao kwa vidole, mama alikuita vilevile alivyokuita tangu uchumba.