Kadi za Mzee Halloran

Winnipeg, 3 Machi 2012

Kaka Ladislas,

Durban kumeamkaje? Shemeji Gloriose mzima? Mimi baridi imenishika masikio, lakini nipo.

Lile boksi la Mzee Halloran, yule Mmarekani niliyemuuguza hapo Durban mpaka akafa, bado liko kwako? Zile ni kadi za wachezaji wa besiboli, mchezo wa kwao wa rungu na mpira, alizikusanya tangu utotoni kwao. Nilimwahidi zitamfikia bintiye, Nora, kama zilivyo. Hatimaye nimempata, atakuja hapo kwako mwezi wa sita. Zilinde na unyevu na jua. Usizifunge kwa raba, usizifute hata vumbi.

Mdogo wako,
Pontien

Durban, 29 Machi 2012

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila Gloriose anasema nimeoa boksi. Durban unaijua, hata chumvi inalowa koponi. Nimelijaza vile vipakiti vya kunyonya unyevu, tunavyookota kwenye maboksi ya viatu hapa kazini, godauni la Clairwood.

Lakini sielewi. Kitu cha thamani, halafu nisifute vumbi? Na hawa wanaume wenye virungu, mbona hakuna anayecheka?

Usijali. Ile kadi kuukuu kuliko zote, yenye kona iliyolegea, ilinitia huruma. Nimeipeleka kwa Epiphanie, mwenye duka la fotokopi pale Greyville, akaipiga plastiki ya moto pande zote, kama alivyoipiga hati yangu ya ukimbizi. Hati miaka minne haina doa. Jumamosi nampelekea zilizobaki.

Kaka yako,
Ladislas

Ujumbe wa simu, 11 Aprili 2012

Kaka, barua imefika leo. Amani kwako, lakini tafadhali usiende tena kwa Epiphanie. Wakusanyaji huzitaka kadi hizi na uchakavu wake. Plastiki ikishapigwa haitoki tena, na thamani ya kadi imekwisha. Zilizobaki ziko salama? Mdogo wako.

Ujumbe wa simu, 11 Aprili 2012

Eish. Ni moja tu. Jumamosi ile Epiphanie alikuwa harusini Chatsworth, iliyofuata ilikuwa Pasaka. Uzembe wake umeniokoa na bidii yangu. Kaka yako.

Durban, 24 Juni 2012

Mdogo wangu,

Natumaini afya yako imetulia, maana kichwa changu hakijatulia. Nora alikuja jana, mwanamke wa rika langu, mpole. Nilimpa boksi, na ile kadi kando, nikakiri kabla hajauliza. Kiingereza changu unakijua, hukimbia nikikihitaji. Basi nikatoa hati yangu, nikailaza kando ya kadi, nikasema, "Mama, sisi ndivyo tunavyotunza."

Alizitazama zote mbili. Akasema utotoni baba yake hakumruhusu hata kuigusa kadi ile. Akaipapasa yote, mbele na nyuma. Kisha akanipa mgongo. Alikuwa anacheka au analia, sijui. Mabega yalitikisika tu.

Akachukua boksi. Kadi akaiacha mezani. "Hii baki nayo," akasema.

Sasa, Pontien, amenipa zawadi au ameacha kilichoharibika? Gloriose anasema zawadi, kwa sababu mgeni alimaliza chai. Mimi sina uhakika kama ahadi yako imetimia au nimekuvunjia. Wewe ulimjua mzee. Angesemaje?

Nakungoja,
Kaka yako, Ladislas