Spika ilikuwa wazi

Shoga, nimeaibika. Nimeaibika mpaka basi.

Unakijua kile chumba chetu cha virusi, unaingia umevaa suti nzima na wenzako wa nje wanakusikia kwa spika tu, tena mpaka uiwashe? Leo nilikuwa humo peke yangu, naangalia kwa darubini seli za mapafu nilizozitia virusi jana. Zinakufa moja moja. Nikaanza kuziongelesha.

Ndiyo, seli!

Nikaziambia, "Poleni wanangu. Nyie ndio mnaonisubiri. Nyumbani hakuna hata wa kuniuliza nimekula nini."

Mara sauti ya bosi: "Binti, spika iko wazi."

Spika iko wazi! Kumbe niligusa swichi yake kwa kiwiko. Tangu saa ngapi, sikuthubutu kuuliza.

Nimetoka, hakuna aliyecheka. Hata yule mropokaji wetu wa vipimo, anayecheka mpaka misibani, kainamisha kichwa. Bora wangenicheka, shoga. Wameninyamazia kama mfiwa.

Mezani kwangu hapo hapo kazini nimekuta wameniwekea sahani imefunikwa, chakula bado cha moto. Na kiti cha pili kitupu. Nimekula peke yangu, machozi yananidondoka.

Nipigie ukiona hii. Unicheke kabisa. Nataka nimsikie mtu.