Kondoo Aliyenenepa Kwenye Barua

Vudee, 3 Agosti 1987

Mume wangu mdogo Eliakimu,
U mzima? Mimi magoti yanalalamika, mdomo mzima. Anayeniandikia ni mwinjilisti Melkizedeki. Akipunguza maneno nitajua. Kondoo dume wa kupeleka Chome kwa wakwe zako, kina Jenifer, nimemfunga ndani, tunalala nyumba moja, kama inavyompasa bibi wa bwana harusi. Lile fungu la chakula chake uliloomba nimempa kondakta pale Same. Walimu wako wa chuo cha mifugo wamekosa kazi hata wapime majani? Sema, Disemba atanona? Akifika na mbavu nje, wakwe watasema kwetu kuna njaa, na binti hawatoi.
Mkeo mkubwa, Bibi

Morogoro, 29 Agosti 1987

Bibi, shikamoo. Pole na magoti.
Majani yako walimu wameyasifu! Yanasagika upesi tumboni, nafasi inapatikana, kondoo anakula tena. Tumekadiria atakula sana, na Disemba atafika kilo arobaini. Angekula mabua yangemkalia tumboni, ajione ameshiba, na asikue. Natuma sabuni. Siku hizi madukani zimejaa, ila bei haishikiki.
Mjukuu wako, Eliakimu

Vudee, 18 Oktoba 1987

Mume wangu, hujambo? Mimi sijui kama sijambo.
Kilo zako ziko wapi? Kondoo anatafuna kidogo, analala, anacheua mpaka nachoka mimi. Nikimpapasa mgongo ni mifupa. Wewe umesema atakula sana. Mabua namjazia mpaka mlangoni, anayaacha! Jirani Dorkas anasema amerogwa. Mwinjilisti hakutaka kuandika hilo, nimemlazimisha.
Bibi yako, nimechanganyikiwa

Morogoro, 30 Oktoba 1987

Bibi, shikamoo. Mabua? Yale majani laini uliyotuma ni ya nani?
Eliakimu

Vudee, 12 Novemba 1987

Ya ng'ombe wa maziwa, ya nani tena? Yanaota kidogo tu chini ya ndiva, bwawa linapovuja. Ulitaka nikutumie mabua chuoni? Walimu wayashike waseme bibi yake Eliakimu katuletea takataka? Nilichagua jani moja moja, nikayaosha!
Haya, nimebadilisha. Ng'ombe anakula mabua, maziwa yamekata, nanywa chai ya rangi. Kondoo anamaliza yote, anapiga kelele aongezwe. Aliposhiba alikonda, sasa ana njaa ananenepa. Kichwa changu kimegoma hapo.
Bibi

Vudee, 14 Disemba 1987

Mume wangu, salamu, na magoti yamesahau kulalamika.
Kondoo amekutangulia Chome, nimempeleka mwenyewe. Kilo sijui, kule hakuna mizani. Bibi yake Jenifer alimpapasa kiunoni. Akauliza, "Huyu mlimlisha nini?" Nikamwambia, "Maziwa ya chai yangu." Akacheka mpaka kilemba kikaanguka, akamwingiza kondoo ndani akamfunga.
Njoo uoe. Na kwenye kifurushi hiki kuna mabua, wape walimu wako. Safari hii sikuyaosha.
Mkeo mkubwa, Bibi