Tilapia Wazee Wako Wapi?

Jumatatu, 3 Machi
Boti zimeingia mapema. Nimepima tilapia, nikang'oa mifupa ya mashavu, nikachemsha, nikasugua, nikaangalia kwa mwanga. Mfupa una mistari kama gogo la mti kule kwetu Elburgon, mwaka mmoja mstari mmoja. Leo tena: mmoja, miwili, miwili. Mzee hakuna. Ziwa la watoto watupu.

Ijumaa nasoma ripoti mbele ya wavuvi. Ikisema samaki wanakufa kabla ya kuzeeka, Ziwa Naivasha litafungwa miezi mingi. Na ni mimi wa kusema. Sitaki.

Lunch ilikuwa tamu lakini.

Jumanne, 4 Machi
Mama Akoth ameniuliza kama watafunga. Ndiye hukaanga samaki hapa bichi. Amesomesha watoto wawili na hiyo karai, na kitinda mimba wake, Mercy, ndio ameanza darasa la kwanza juzi. Nimejifanya nimekwamwa na mwiba. Mwoga mimi.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Nimechora grafu. Baada ya mwaka wa pili inaanguka tu. Msimamizi wangu wa Nakuru kwa simu: "Safi sana, tuma." Yeye amefurahi. Mimi nimekula chapati nne za hasira.

Alhamisi, 6 Machi
Siamini. Sijui nicheke ama nijifiche.

Nilikuwa nakula kichwa, kama kawaida. Mama Akoth huniwekea kikubwa, ati daktari wa samaki asile cha mtoto. Nikachomoa mfupa wa shavu, nikaulamba, nikauinua kwa mwanga. Mazoea tu. Mistari sita.

Nikauliza huyu ametoka wapi. Akanishangaa. "Si ni mboga ya vijana?"

Kumbe kila boti hutoa samaki mkubwa kuliko wote kabla ya kufika kwa mizani. Huyo si wa kuuzwa, ni wa sufuria ya waliovua; Mama Akoth huwapikia, na kichwa kinakuja kwangu. Hakuna aliyenificha. Mimi nimekuwa nikiuliza mmeleta nini. Mmekula nini, sijawahi kuuliza. Na wale wazee niliokuwa nawalilia, nimewala mwenyewe, na ugali na kachumbari juu, msimu mzima!

Mchana wote nimechokora mifupa nyuma ya kibanda. Mbwa wa hapo amenikasirikia sana. Nimepata wa miaka mitano, sita, mmoja wa saba. Nimepigia msimamizi. Akacheka mpaka akakohoa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesimama mbele ya wavuvi. Nikawaambia ukweli: nusu ya ripoti iko kwa matumbo yenu, na nusu ya hiyo nusu iko kwa langu. Mwenyekiti wao alicheka akapangusa machozi. Mzee mmoja akasema kama ni hivyo basi nimepona ule mwiba wa Jumanne.

Wamekubaliana: ziwa halifungwi sasa. Mboga ya vijana ipite kwa rula yangu kwanza, ndio iende sufuria, na mimi nianze hesabu upya. Nikawaambia pia wasisherehekee sana, wazee bado ni wachache na huenda siku moja nikasema fungeni. Mama Akoth alipiga makofi hata hapo. Nampenda huyu mama.

Nimelala kama gunia.

Jumapili, 9 Machi
Bichi kimya, watu wako kanisani. Boti moja tu, na mboga moja. Mkubwa, mgongo mweusi. Nikampima, nikachukua mfupa wa upande mmoja, nikamrudishia Mama Akoth samaki wake.

Akauliza ana miaka mingapi. Nikamwambia saba.

"Saba? Wa rika la Mercy wangu."

Akakaa naye mkononi kidogo, akimwangalia. Mafuta yalikuwa yameshapata moto.

Halafu akamweka kwa karai, polepole, na akaniuliza kama leo nataka ugali mkubwa ama mdogo. Nikasema mdogo.