Mfuko Ndani ya Mkono wa Koti

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza. Shajara hii nimepewa bure na muuza vitambaa wa jumla. Ina picha ya cherehani kila mwezi na kurasa tupu tele, na sioni kwa nini mtoto aandike halafu mama yake ashindwe. Darasa la saba nililimaliza mimi, na mwandiko wangu ulisifiwa.

Leo nimesoma sura ya nne ya mwanangu Kimya. Tunamwita hivyo tangu mdogo kwa sababu alichelewa kusema, na watu walininong'onea sana. Sasa waje wamsome. Mchana anauza dawa famasi, jioni anaandika kwenye simu hadi chai inapoa. Ni hadithi za mashabiki, ndivyo zinavyoitwa. Unachukua tamthilia ya watu, na wahusika wa watu, unaandika yale ambayo tamthilia haikuonyesha. Nilimwuliza kama huo si wizi. Akasema, "Mama, ukilipunguza gauni la mteja ukaliwekea mikono mipya, umeiba?"

Akili hiyo ni ya kwetu, si ya upande wa marehemu baba yake.

Tamthilia yenyewe ni ile ya ufalme wa chumvi. Ikianza, mtaa mzima unaingia ndani. Kipenzi cha wote ni Waziri — mrefu, sauti nzito, mabega yanayokaa vizuri kwenye joho. Tangu kile kipindi ghala liliposhika moto, yeye akavunja mlango na kuwatoa wachukuzi, wanawake wanamtaja kama shemeji yao. Hata mimi nililia. Kimya hakulia. Aliuliza tu, "Kwani nani alikuwa ameufunga?"

Hadithi yake inaanzia hapo. Siku ya kabla ya moto. Bei ya chumvi, kodi ya lango, wachukuzi waliokaa chini wakakataa kubeba, baraza lilivyogawanyika. Siasa tupu, lakini inasomeka kama umbea. Jina lake halisi hakuweka, anajiita Mchukuzi wa Saba. Nimemwambia ni kupoteza sifa. Amecheka.

Alhamisi, 6 Machi

Magauni mawili ya harusi, suruali za mwalimu, na kelele za Gundi. Gundi ni fundi viatu wa kibanda cha jirani, hajawahi kufunga kabla yangu tangu tuanze kazi hapa. Nimemsomea sura ya tano kwa sauti huku akipiga misumari. Nilipofika pale Waziri anapofunga mlango wa ghala kwa mnyororo, kisha anapangusa mikono kwa leso na kuichomeka kwenye mfuko mdogo ndani ya mkono wa kushoto wa joho, nyundo ikasimama.

Akaniuliza mtoto kayatoa wapi haya. Nikamwambia kichwani mwake, wapi kwingine?

Nilimdanganya. Yametoka kwangu.

Nilikuwa binti mdogo. Dada yangu alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo, na mimi nilimpelekea chakula mchana. Walikuwa wamegoma, wamekaa chini kando ya mashine. Nilijificha nyuma ya marobota ya nguo nje kwa kuwa mlinzi alinifukuza lango kuu. Nikamwona meneja kijana akija peke yake na mnyororo. Akafunga. Akapangusa mikono, akakunja leso, akaiingiza kwenye mkono wa koti, upande wa kushoto. Hata wakati ule nilitamani kujua mfuko ule umeshonwaje, maana haukuvimba hata kidogo. Halafu moshi. Baadaye sana akarudi na watu wa magazeti, akafungua kwa jasho, akabebwa juu. Waliotoka walitoka. Dada yangu hakutoka.

Leo meneja yule ni Mheshimiwa, na picha yake iko kwenye kila nguzo mpaka sokoni. Mlango ulikwama kwa joto, ndivyo ilivyoandikwa. Nilimwambia Kimya peke yake, siku tuliyoangalia kile kipindi.

Jumapili, 9 Machi

Nimejiunga kule mtandaoni Kimya anakoandika. Nimeweka picha yangu nimesimama mbele ya duka, kibao kinaonekana vizuri na namba ya simu. Huwezi kujua, mteja anaweza kutoka popote.

Nasoma maoni ya wasomaji kama mtu anayekula karanga. Wanamsifu mwanangu hadi nataka kuwaalika nyumbani. Wengine wanagombana naye, wanasema amemchafua Waziri wao. Kimya hamjibu mtu.

Yupo mmoja anajiita Msomaji Mpole. Hatukani. Anauliza. Mchukuzi wa Saba, je, mlango ulikuwa wa mbao au wa chuma? Je, palikuwa na mtu nje? Nimemwambia Kimya huyu ndiye msomaji, anajali kazi. Kimya amesoma akaweka simu kifudifudi mezani. Akasema, "Mama, kwenye hadithi sijaandika kuwa kuna mtu nje."

Jumanne, 11 Machi

Msomaji Mpole ameniudhi.

Ameandika kuwa hadithi ni nzuri ila mwandishi anabuni mno. Kwamba mfuko ndani ya mkono wa vazi haupo, hakuna fundi anayeweza kushona kitu kama hicho bila bitana ya ndani kuvuta, na mwandishi ni wazi hajawahi kushika sindano. Wengine wakaanza kucheka. Mmoja akaandika, mwacheni, labda ni mfuko wa uchawi.

Kumcheka mwanangu kwa ushonaji! Mimi nipo nimekaa hapa.

Nikamjibu. Nikaandika kuwa upo, nimeuona kwa macho yangu, unashonwa kwenye mshono wa chini kabla ya kufunga bitana, na aliyeuvaa alikuwa meneja wa kiwanda cha nguo mwaka ule wa mnyororo. Na kwamba mwandishi ni binti yangu, na hajabuni chochote cha kumwaibisha mtu.

Watu wameweka mioyo mingi chini ya maneno yangu. Msomaji Mpole ameandika, "Asante sana, mama. Nimeelimika."

Jumatano, 12 Machi

Kimya amerudi kutoka kazini mapema. Hakuvua viatu. Amekaa chini pale mlangoni akanishikia simu usoni na kuniuliza kama ni mimi.

Nikasema ndiyo, tena wamenipenda.

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa mchukuzi wa ufalme ambao haupo. Sasa nina mama, ana duka, ana namba ya simu."

Tumefuta maneno yangu. Tumefuta picha. Yeye amefuta sura ya tano, kisha zote. Lakini watu walishazipiga picha na kuzisambaza. Nimemtengenezea chai, hakuinywa. Nimemwambia labda hakuna aliyeelewa. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayesema hajanenepa.

Ijumaa, 14 Machi

Kijana ameleta koti. Shati limepigwa pasi, viatu havina vumbi, na njia yetu hii ni vumbi tupu. "Shikamoo mama. Mkono wa kushoto, bitana imeachia."

Nikamwambia marahaba, weka hapo. Koti la zamani, sufu nzuri, limetunzwa. Nimegeuza mkono nje.

Mfuko upo. Mdogo, kwenye mshono wa chini, mishono myembamba kama imechorwa. Sikukosea hata kidogo. Bitana haikuachia yenyewe, imekatwa kwa wembe.

Nikapitisha kidole kwenye mshono polepole, kama ninavyopima hariri ya bibi harusi. Yule kijana alikuwa ananiangalia mikono, si uso.

Akauliza kama nimewahi kuona mfuko wa namna hiyo.

Nimefikiria sana tangu wakati ule kama nilijibu vizuri. Nilisema mafundi wa zamani walikuwa na mambo mengi. Akatabasamu. Akasema koti ni la mzee wake, mzee atakuja mwenyewe Jumanne kulijaribu. "Na binti awepo, mama. Mzee anapenda sana watu wanaoandika."

Sikuwa nimemwambia nina binti.

Gundi alisikia yote. Kijana alipoondoka akaniambia, "Dada, hilo koti lirudishe hivyo hivyo lilivyo, sema cherehani imekufa." Nikamwuliza nilirudishe kwa nani, kijana hakuacha namba.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia Kimya aende kwa mama mkubwa wake, binamu yangu anayekaa mbali, akakae mpaka mambo yatulie. Amekataa. Anasema akiondoka watanikuta mimi peke yangu na domo langu. Tukacheka wote wawili, kile kicheko cha kuishia njiani.

Kisha akanionyesha kitu. Hadithi imefutwa, lakini ukurasa wa maoni wa tamthilia umejaa. Watu wanaandika kama wachukuzi. Mmoja anasema bibi yake naye alibeba chumvi kwenye ghala lile, na mpaka anakufa hakuweza kulala mlango ukifungwa. Mwingine anasema baba yake alikuwa mtu wa magazeti wa ufalme, aliambiwa aandike neno "joto". Mwingine hakuandika chochote ila jina la mchukuzi, kisha jina jingine, kisha jingine. Nayajua majina yale. Waliketi mashine za jirani na dada yangu.

Hakuna aliyetaja kiwanda. Hakuna aliyetaja Mheshimiwa. Wote wanazungumzia chumvi.

Nimelia. Kimya naye, safari hii.

"Lakini, Mama," akasema, "wao wote walisikia. Aliyeona ni wewe."

Jumatatu, 17 Machi

Gari jeusi limepaki mbele ya famasi kutwa. Mfamasia, bosi wake, amemwambia Kimya achukue likizo kidogo, kwa wema tu. Wakati anasema hivyo alikuwa anapanga vidonge ambavyo vilikwishapangwa.

Leo nimeshona lile koti. Nilifikiria kuufunga mfuko, kuupoteza kabisa, mkono ukae laini kama haukuwahi kuwa na kitu. Nikashindwa. Nikaurudisha ulivyokuwa. Kazi nzuri haifichiki, na yule fundi aliyeushona mwanzo hana kosa. Kimya alikuwa ananitazama. Akasema angekuwa yeye, sura hiyo angeiandika hivyo hivyo.

Jioni tumepanga. Yaani nimepanga mimi, yeye amekubali kwa kunyamaza, na kukubali kwake kwa kunyamaza sikuamini. Nitasema hadithi ni yangu. Mimi ndiye Mchukuzi wa Saba, mama mshona nguo mwenye umbea mwingi, nimeona tamthilia nikatunga upuuzi, na mfuko nimeubahatisha. Mtoto alinishikia simu tu. Hana kipaji, hajui kuandika hata barua ya kuomba kazi.

Nimejaribu kuyasema mbele ya kioo cha wateja. Hana kipaji. Mdomo unagoma. Miaka yote hii nimemsifia kwa watu hadi wakanikimbia kwenye foleni ya maji. Nikasema tena. Hana akili ya kuandika. Kimya akiwa nyuma ya pazia anakunja vitambaa akasema, "Mama, huna uigizaji. Unasema kama unanisifia."

Jumanne, 18 Machi

Koti limening'inia. Nimelipiga pasi mara nyingine, sijui kwa nini.

Nilimwacha Kimya nyumbani, nikafunga mlango kwa nje. Nilipofika kona nikakumbuka nimefanya nini. Nimemfungia mtu mlango kwa nje, mimi! Nikarudi mbio nikafungua. Alikuwa amesimama palepale mlangoni, amevaa tayari. Tumekuja wote.

Amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. Simu yake iko mezani, uso juu. Nimemwuliza anaandika nini humo, akasema ameshamaliza.

"Umemaliza nini?"

"Sura ya tano. Nimeirudisha. Na ya sita."

Nimemwuliza ya sita inasemaje. Akasema kuna binti mdogo nyuma ya marobota ya chumvi, anapeleka chakula.

Nilitaka kumchapa. Nilitaka kuita mtaa mzima waje wamwone. Nimeuliza tu ameweka jina gani chini. Akasema jina lake halisi.

Gundi amefunga. Saa hizi, jua lote hili, ameteremsha kibanda chake na kuondoka bila kuniaga, viatu vya watu vimebaki nje kwenye mstari.

Gari limesimama. Yule kijana ameshuka, anafungua mlango wa nyuma. Mguu mmoja tu ndio umetoka, kiatu cheusi, kinatafuta mahali pasipo na vumbi. Kimya anasema, "Mama, weka kalamu." Namwambia asubiri. Bado nayarudia yale maneno yangu kichwani — hana kipaji, hajui kuandika, ni mtoto tu — na kila nikifika mwisho nasikia nikisema mwanangu, huyu ni mwanangu, yeye ndiye