Shingo aliyoichora kijana wa Bagamoyo

Jumanne

Kwa hiyo yule mchoraji hakukosea.

Tulipokwenda Bagamoyo kutazama maonyesho ya picha za kuchorwa, mimi na mjukuu wangu Kabula, kwa treni ya daraja la tatu kisha basi, na matobolwa yetu, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kula njiani, kijana mmoja alinichora bure. Alisema uso wangu una mambo. Alipomaliza nikaona amenivimbisha shingo upande wa kushoto.

"Wewe, hii shingo umeitoa wapi? Mimi ni ng'ombe wa kulima?"

"Bibi, nachora ninachokiona."

"Basi kaoshe macho!" Kabula alicheka mpaka akakaa chini.

Leo naoga, mkono ukapita hapo. Kuna kitu. Kigumu, ukubwa wa ndimu. Hakiumi, na hilo ndilo linanitisha. Uvimbe wa dada yangu Limi nao haukuuma, na tulimzika kabla ya mavuno.

Naogopa. Hata herufi zangu hizi nilizojifunza ukubwani zinayumba.

Jioni Kabula akauliza, "Bibi, mbona umejifunga kitenge shingoni na joto hili?"

"Angalia dagaa wako wanaungua!"

Akaepua sufuria, akarudi kusimama mbele yangu. Mtoto mbishi huyu, nampenda mpaka naumwa. Nikafungua kitenge, nikachukua mkono wake, nikauweka pale.

Akapapasa taratibu kwa vidole. Kisha, "Kesho siendi kazini. Tunakwenda hospitali."

Nikamwambia siendi popote, asinisumbue.

Gauni nimeshalipiga pasi.